Kompresa ya Radojica

Benchi la mbele ya duka la mkate, pale mjini Zaječar, lina miguu mitatu na tofali moja, na kila asubuhi hubeba vichwa vitatu vinavyojua kila kitu. Svetozar ni Injinia, kwa kuwa mwaka fulani alitengeneza kengele ya mlango, ikalia siku mbili mfululizo. Tihomir ni Redio, na kitufe cha kumzima hakijapatikana. Wa tatu, Radojica, wanamwita Pumzi, maana bunduki yake ya upepo alikuwa akiijaza kwa pampu ya mkono, mpaka alipopasuliwa ngiri na daktari akamwambia pampu aisahau. Tangu hapo hajafyatua hata mara moja, na mashindano ya shabaha ni Jumapili. Sasa kaagiza kompresa, mashine ya kushindilia hewa, kaifunga stoo kati ya chupa za pilipili nyekundu, imebaki kuiwasha tu. Anaogopa kuiwasha. Hilo hakuwaambia, alikuja kunywa kahawa.

— Inafika baa mia tatu, alisema, akijifanya hajali.

— Baa mia tatu! Redio akaruka. Mtaa mzima una baa mbili, na zote wamekufukuza.

— Kipimo cha shinikizo, wewe. Tairi la gari lako lina mbili na kitu.

— La kwangu hata hizo halina, ndugu yangu.

Radojica akaeleza: kuna ndoo ya maji ya kupoza mashine, kuna chujio la kunasa unyevu, kuna koki ya kutolea hewa ukimaliza. Injinia alimsikiliza kwa huruma, kama mtu aliyekwenda kumwona mgonjwa.

— Ndoo ni ya kuoshea miguu, Pumzi. Iweke mashine bafuni, jaza beseni barafu. Shemeji ataoga kwa dada yake.

— Mpaka lini?

— Mpaka azoee. Na mafuta ya mashine tia ya alizeti.

— Kitabu kimekataza. Mafuta yasiyo yake yanaweza kulipuka mle ndani.

— Kitabu kimeandikwa na wauza mafuta!

— Nyie mnahangaika na mafuta, Redio akadakia, shida ni hewa. Hewa ya mtaa huu ni mvuke wa kabeji mtupu. Ukiishindilia hivyo, bunduki itatema supu. Panda mlimani, jaza hewa safi kwenye mifuko, shuka nayo.

— Mifuko mingapi?

— Hesabu muulize Injinia.

Injinia akafumba macho, akapiga hesabu.

— Elfu nne. Na punda wawili. Na siku ya kuwasha, vaa sufuria kichwani.

Wakacheka. Radojica naye akacheka. Lakini alichotaka ni mmoja wao aseme: twende, tutasimama nawe. Hakuna aliyesema. Injinia alikuwa ameshahamia kwenye aina ya sufuria.

Dereva mpya wa gari la mkate, dada mmoja aitwaye Jagoda, alikuwa akishusha kreti huku anawasikiliza. Akatua ya mwisho, akajifuta unga.

— Samahani, baba. Hiyo bunduki yenyewe inahimili ngapi?

— Kompresa ni mia tatu, akajibu Radojica.

— Hiyo nimesikia. Nauliza bunduki.

Injinia akachungulia ndani ya mdila wa kahawa. Redio akazimika.

Radojica akaondoka bila kuaga. Stoo, aliufuta vumbi mtungi wa hewa wa bunduki, ule wa chini ya mtutu, akasogeza miwani, akasoma. Mia mbili. Na kompresa alikuwa ameitega kwa mkono wake mwenyewe, ijizime ikifika mia tatu. Akakaa sakafuni, akawaza mkewe alivyo na tabia ya kuingia mle kufuata pilipili bila kubisha.

Kisha akainuka, akaitega mia na tisini, akawasha. Ikanguruma, chupa zikagongana, ikajizima yenyewe. Kovu la ngiri halikumuuma hata kidogo. Nyuma ya nyumba akalenga kopo, akafyatua. Kopo likaruka.

Aliporudi benchini kusimulia, hawakumpa nafasi. Injinia na Redio walikuwa wameshikana mashati, wakibishana ni nani kati yao aliyeliuliza lile swali la bunduki kwanza.