Kibao cha Darasa la Kwanza

Wenzangu wa chaki, niacheni niseme nikiwa nimesimama, maana nikikaa nitalia. Mwaka jana mlisikia nimetuzwa siku ya elimu ya tarafa. Nilikotoka hamjasikia.

Nilikuwa mkuu wa shule moja upande wa Marani. Matokeo ya darasa la nane yakatoka mabaya. Mnawajua wazazi wetu: watoto wakipita, unabebwa juu juu, wakianguka, wanakuja na matawi wakiimba, wanakutoa nje ya geti. Nilitolewa, ndugu zangu. Walioimba ni kina mama niliosali nao Sabato.

Nikahamishiwa karibu na Suneka, darasa la kwanza. Kutoka ofisini hadi kufuta kamasi! Mume wangu akasema, "Mama, acha hiyo kazi, tuchume majani chai." Nikamjibu namaliza muhula tu, kisha naacha.

Sasa sikilizeni. Shule ile ilikuwa na kibao cha mbao, na ninyi mnakijua. Mtoto akisema Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani, anavalishwa shingoni, mpaka amnase mwenzake amvalishe yeye. Lakini mtoto wa darasa la kwanza Kiingereza atakitoa wapi? Darasa langu lilikuwa kimya kabisa. Kulikuwa na msichana mmoja aliyekivaa siku baada ya siku. Nikamwinamia, nikamuuliza kwa nini hampi mwingine. Akaninong'oneza kwa Ekegusii, "Mwalimu, na yeye atalia."

Nawaambia, nilishikwa na hasira, na ndiyo iliyoniponya. Nilikivua kile kibao nikakipeleka ofisini.

"Mwalimu mkuu, hiki hakirudi darasani kwangu."

"Unataka kutuangusha kama ulivyowaangusha wale wa kule?"

"Nikianguka, nitaanguka watoto wakiongea."

Nilijua nikishindwa nitafukuzwa mara ya pili, na safari hiyo hakuna shule ingenipokea. Sikuacha. Tulianza kusoma kwa Ekegusii, tukaingia Kiswahili, Kiingereza kikafuata polepole. Wazazi walinung'unika eti nawarudisha watoto nyuma. Mkaguzi alipokuja mwisho wa mwaka, watoto walisukumana, kila mmoja anataka kusoma. Yule msichana alimaliza ukurasa, kisha akamuuliza mkaguzi kama na yeye anajua kusoma! Nilicheka mpaka machozi.

Siku ya elimu jina langu lilipotangazwa, nilidhani ni la mwingine. Jirani yangu akanifinya, "Simama wewe!" Kina mama wakanifunga leso mabegani huku wakipiga vigelegele.

Namshukuru mume wangu, aliyechuma chai peke yake bila kuniuliza tena naacha lini. Namshukuru mwalimu mkuu, alisimama mbele ya wote akasema, "Huyu mama alinishinda." Buya mono, asanteni sana.

Matokeo yametoka juzi. Najua kuna mwalimu humu ambaye wiki hii ameimbiwa na wazazi, na anafikiria kuacha. Mwenzangu, aibu haiui, usiipe kazi yako. Jumatatu asubuhi nipitie nyumbani. Nitakusindikiza mpaka mlangoni mwa darasa lako jipya, na hutaingia peke yako.