Mtani Wetu Alois Anaaga Jukwaa

Ndugu Alois Mkude anastaafu tarehe thelathini mwezi huu wa Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya kutuandikia na kutufundisha maigizo hapa kwenye kituo chetu cha sanaa, Morogoro. Mimi ndiye ninayewashonea waigizaji nguo, nikaambiwa niandike kwa kuwa nimekaa naye muda mrefu kuliko wote.

Alishuka kutoka Kinole, kule milimani, kijana mwembamba, na mwembamba anaondoka, maana akiandika hali chakula. Namwekea wali pembeni ya jukwaa, nikirudi naukuta umejaa nzi.

Michezo yake mnaijua. Ule wa bwana harusi asiyekuwepo, ukoo mzima unaapa umemwona, mpaka bibi harusi naye anaanza kumsifia ndevu. Watu walicheka mpaka machozi, halafu wakatoka nje kila mtu anamwangalia mwenzake. Kule Kisaki waliona jeneza la mchezo linashushwa kwenye treni, wakaja na kuni na ndizi za msiba. Alipowaambia ni maigizo, wazee wakasema basi kuni ziwapikie wageni, wakakaa mbele kabisa.

Hayo yote aliyatoa kwenye utani. Kwetu Waluguru, mtani akija msibani anaruhusiwa kuvaa nguo za marehemu na kumwigiza, ili waliofiwa wacheke. Alipofariki mume wangu Benedikto, Alois, ambaye ukoo wao ni watani wa ukoo wa marehemu, alivaa koti lake, akachechemea kama yeye, akalalamika uji hauna sukari. Tulicheka. Binti yangu Faraja, wa miaka tisa, hakucheka wala hakulia. Toka siku ile akawa hasemi, shuleni kimya, nyumbani kimya. Nilizunguka naye hospitali na kwa padri, na akilala namsogelea nisikie kama anapumua.

Mwaka uliofuata Alois akaandika mchezo wa msiba, na Faraja akaonyesha kwa kidole kwamba yeye ndiye atakayevaa koti la baba yake. Nikakataa. Niliogopa mtoto akimwigiza baba yake atamfuata. Alois hakubishana. Alikaa karibu na cherehani yangu, akasema taratibu, "Mama Faraja, huyu mtoto baba yake amemjaa kifuani. Mwache amtoe kidogo, tumsaidie kumbeba."

Nikalipunguza koti mikono huku nalia.

Jumamosi ya onyesho, mchana, ukumbi ukajaa. Faraja akatoka akichechemea, watu wakaangua kicheko. Akafika katikati, akaniangalia pale nilipokaa, na sauti niliyokuwa sijaisikia mwaka mzima ikasema maneno ambayo Alois hakuyaandika, maneno ya Benedikto ya kila jioni: "Mke wangu, mlango umefunga?"

Kicheko kikakatika. Nikajibu kutoka kwenye kiti changu, "Nimefunga, Baba Faraja. Kalale."

Mtoto akalia palepale jukwaani, kwa sauti, na Alois akatoka akamshika. Tangu hapo Faraja anaongea, siku hizi mpaka mume wake analalamika.

Ndugu Alois anarudi Kinole kwenye mdalasini na karafuu zake. Njia ile inateleza mvua ikinyesha, apande taratibu. Wafanyakazi wenzake wote tunamshukuru, na Mungu ampe uzee wa shibe na usingizi. Mimi namwomba jambo moja tu: siku yangu ikifika, asichelewe. Gauni langu la zambarau nimeshalipanua mabegani limwenee.