Mama Sikuzani Hang'oi Jino Lililo Hai

Mama Sikuzani Jafari anastaafu Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na mmoja katika zahanati yetu ya meno hapa Rumonge. Waliodhani angechoka mapema, poleni sana.

Alipoanza, kiti chetu kilikuwa na kazi moja: kung'oa. Watu wa kijiji cha Kizuka walikuja na meno yanayoingia ganzi kwa maji baridi, shingo za meno zimelika kwa kusuguliwa jivu na nyuzi za chikichi kila asubuhi. Meno yenyewe yalikuwa mazima, nayo yaling'olewa. Mama Sikuzani alikataa, tena kwa sauti kubwa, maana ya chini hana.

Aliporudi kutoka masomoni Bujumbura na chupa ndogo ya gundi ya meno, mkuu wa zahanati wa wakati ule alimcheka, akisema jino si kiatu. Yeye akasafisha jino la mgonjwa wa kwanza, akakausha kwa pamba, akapaka, akamulika kwa taa ya buluu. Gundi ikakauka na kuziba palipokuwa wazi, na mgonjwa akaomba maji baridi, akayanywa bila kushtuka.

Kisha akaja Asmani, mwadhini. Upepo wa ziwa wa alfajiri ulimchoma meno ya mbele, akawa anaadhini mdomo nusu.

"Dada, toa yote, nimechoka," alisema.

"Hii meno iko nzima, mimi sitoe," Mama akamjibu. "Utaadhini na ufizi?"

Gundi ya kwanza ilibanduka, kwa sababu Asmani hakuacha kuzungumza na mate yakaingia. Mkuu alifurahi mno. Mama akamwita tena mchana wa Ramadhani, mdomo umekauka kwa funga, akampaka bila kummezesha hata tone. Ikashika. Tangu hapo Asmani huadhini mdomo wazi, na gundi ikichakaa hurudi kupakwa.

Sasa tunasikia minong'ono kwamba akiondoka yeye, gundi haitaagizwa tena na koleo litarudi kutawala. Tahira, Hyacinthe na mimi, aliotufundisha, tunajibu hapa hapa. Yaliyooza tutayang'oa. Yaliyo hai, hapana. Anayeyataka aanze kutung'oa sisi.

Mama, tunakushukuru kwa ukaidi wako. Nenda Kabonga kwa wanao, ule, unywe, upumzike. Mungu akupe umri na afya. Usirudi kutuchungulia. Jumatatu kiti kitakuwa na mgonjwa, na taa itakuwa inawaka.