Redio ya Jina la Kuazima

Ndugu zangu, pale mlangoni Mchungaji amenishika mkono akasema, "Ushuhuda utoe, ila majina ya watu yaache." Nikamwitikia, sawa, Baba. Nimekaa kwenye benchi nikifikiri, nikaona siwezi. Aliyenisukuma shimoni ana jina, nalo ni Lusiano Kikoti wa Iringa. Aliyemsaidia kusukuma ni shemeji yake, Desderi. Baba, utanisamehe, nimeshasema.

Mimi shule niliishia darasa la pili, kule Rungwe. Kusoma nasoma kwa kidole. Lakini redio naijua. Nilijifunzia hapa hapa Mbeya, miaka nikifagia kibanda cha fundi mmoja, naye akiniachia zilizokufa nizifungue. Halafu nikaenda Iringa, nikapata kibanda karibu na soko. Ilikuwa baada ya watu kuhamishiwa vijijini.

Nikaanza kutengeneza redio zangu mwenyewe. Transista natoa kwenye hii, spika kwenye ile, kitako cha kushikilia vitu vya ndani nakata bati la debe la mafuta ya kula, nyaya nazifunga kwa uzi wa katani, sanduku la mninga. Zilikuwa zinaongea, nawaambia! Bei yake chini mno kuliko ya dukani. Na ikiharibika, fundi wake unamjua anapokaa.

Hawakununua. Mtu anasikiliza, anatikisa kichwa kwa raha, halafu anaigeuza nyuma na mbele.

"Fundi, hii ya kampuni gani?"

"Yangu."

"Aa. Kumbe yatima."

Anakwenda dukani kwa Kikoti, ananunua ya Ulaya yenye jina. Ikifa, spea hakuna nchi nzima, anakuja kwangu. Nami naiunga kwa bei ya chai na andazi, huku ananifokea: "Usiniwekee takataka zako humo, hii orijino!" Mafundi mliomo humu mnanielewa. Mwenye kuuza anakula nyama, mwenye kufufua anakula ugali na chumvi.

Siku moja akaja Kikoti mwenyewe, na suti yake ya Kaunda. Akafungua karatasi juu ya meza yangu. Ndani mna vibao vidogo vya bati, vya kung'aa.

"Mnyakyusa, wewe ni fundi kweli. Unachokosa ni jina tu."

"Jina la nani?"

"La wenyewe. Nimeyang'oa kwenye zilizokufa. Wewe unda, Desderi atapigilia, mimi nitauza. Nani atafungua?"

"Wakifungua, mimi ndiye ninayefungua."

"Basi! Mwizi na polisi mtu mmoja!"

Akacheka. Nami nikacheka. Watu husema niliponzwa na njaa. Hapana. Siku ile nilicheka, ndugu zangu, na moyo wangu ulipenda.

Nilimuundia kadhaa. Moja ilinunuliwa na kijiji fulani njia ya Idodi, ikae ofisini, watu wasikie taarifa ya habari na matangazo ya vifo. Katibu wa kijiji, Mama Paulina, ndiye aliyewasimamia: "Tusinunue ya kuungaunga. Tununue yenye jina." Baadaye swichi ikalegea, akaniletea, nikaikaza. Akanishukuru. Mimi kimya.

Mwezi haukuisha, redio ikawa bubu. Safari hii aliipeleka dukani. Kikoti hakuwepo, Desderi akafungua mfuniko mbele yake kwa ujinga tu. Mama akaona bati lina maandishi ya mafuta ya kula, akaona katani. Akapiga yowe. Kikoti akaingia wakati uleule, akauliza haraka kama paka: "Nani aliigusa mwisho?"

Wakanijia na mgambo wawili. Shtaka: nimeiba vitu vya ndani vya redio ya kijiji, nikatia takataka.

Nilipandishwa lori. Mama Paulina alikaa mbele yangu, redio mapajani, hakunitazama. Naye alikuwa pabaya, watu walishaanza kunong'ona kwamba tumegawana. Tulipofika, uwanja wa ofisi umejaa, jua la saa sita utosini. Kikoti na Desderi walikuja na gari lao. Desderi akainua mikono: "Niliitoa kwenye boksi la kiwandani kwa mikono hii."

Mwenyekiti akaniambia, "Mali ya kijiji hii. Ukitoka hapa ni polisi."

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba.

Kikoti akasogea, akainama kama anafunga kamba ya kiatu. "Kubali umebadilisha. Utapata miezi michache, mkeo nitamtunza. Ukisema lingine, nani atamwamini mtu wa darasa la pili?"

Sasa fikirini. Ili niseme sikuiba, lazima niseme niliiunda. Nikisema niliiunda, nimekubali kwamba niliwauzia uongo. Milango miwili, na yote ya jela.

Mama Paulina akasimama. "Fundi, nilikuletea kwa mkono wangu. Vitu vyetu umeviweka wapi?"

Nikamwangalia yule mama. "Mama, havikuwahi kuwamo."

Kofi likanipata shingoni, sijui la nani. Nikasema yote haraka kabla la pili halijaja: redio niliiunda mimi, jina la uongo, Kikoti alijua, Desderi alipigilia, mimi nilinyamaza.

Kikoti akacheka. "Mnamsikia? Mwizi huyo, sasa amekuwa kiwanda!"

Wakacheka wote. Nikaomba bisibisi. Nikatoa kitako cha bati, nikalisukuma sanduku tupu mbele yao.

"Mwizi akitoa kitako cha kiwandani, matundu ya skrubu zake yanabaki kwenye mbao. Tafuteni."

Akaja Mzee Mgaya, seremala wao. Akalowesha kidole gumba kwa mate, akapapasa ndani, pembe hadi pembe. Alichukua muda wake. Mimi niliona hata nzi wanatembea polepole.

"Matundu manne," akasema. "Yametobolewa kwa msumari wa moto, weusi huu hapa. Mengine hakuna, wala hayakuzibwa." Akamgeukia Desderi. "Mjukuu wangu, huko Ulaya nao wanatoboa kwa msumari wa jikoni?"

Desderi alimtazama Kikoti. Watu wote wakaona alivyomtazama.

Redio yenyewe ilikuwa imekatika waya mmoja tu. Niliulehemu kwa msumari nilioupasha kwenye makaa, ikaongea. Hakuna aliyepiga makofi.

Kikoti alirudisha fedha zao, akawasha gari. Duka lake liko wazi mpaka leo. Mimi niliambiwa nilime shamba la kijiji msimu mzima kwa uongo wangu. Kibanda changu kikachukuliwa. Mke wangu alijifungulia hospitali ya Tosamaganga, nami habari nikaipata shambani, jembe mkononi. Unga na kuni alipelekewa na Mama Paulina. Mimi sikuwa na cha kupeleka.

Msimu ulipoisha nafunga mzigo, nikamwona mama yule anakuja na redio ya kaka yake, ya dukani kweli, imekufa. Akageuza kinu, akakikalia.

"Fungua. Nitakaa hapa."

Nikakasirika. "Mama, bado huniamini?"

"Sikuamini. Ndiyo maana nakaa. Lakini nimeileta kwako, sikuipeleka kwa Kikoti."

Nikafungua. Kila nilichotoa nilimpa mkononi, kila nilichotia nilimwonyesha.

Ndugu zangu wa Uyole, ndiyo sababu mezani kwangu kuna kigoda cha mteja. Madereva wa malori wananiambia wana haraka, nawaambia chukua redio yako uje ukiwa na nafasi. Kikoti sijamsamehe, sitawadanganya madhabahuni. Niombeeni.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru Mama Paulina, Mzee Mgaya na mke wangu ambaye hakunikimbia. Nawashukuru ninyi mlionipa kona ya ukuta nikaweka meza bila kuniuliza nimetoka wapi. Ndaga fijo. Na ninyi wenye kazi za mikono, nawaomba hivi: ukimaliza kitu, mwache mwenye nacho akifungue ungali umesimama hapo.