Jina la Mwenzake: Mama Matangazo Anastaafu

Baada ya miaka thelathini na moja ya kuitumikia ofisi ya kanisa letu, karani wetu, ambaye nyote mnamfahamu kama Mama Matangazo, anastaafu rasmi tarehe thelathini ya mwezi huu. Kamati ya sherehe ilitafuta msomi wa kuandika wasifu wake. Wasomi wote walikuwa na shughuli. Kazi ikamwangukia mzee wa funguo na vipaza sauti, ambaye shule aliiacha njiani lakini amekaa naye korido moja muda wote huo. Mkikuta sentensi imekaa upande, iegemezeni tu, msonge mbele.

Alikuja kwetu akiwa mama kijana, mtoto mgongoni, na sauti inayofika mpaka geti la nje bila msaada wa umeme. Akapewa chumba chembamba kati ya stoo ya viti na chumba cha mavazi ya kwaya, chenye dirisha lisilofunguka na mashine ya chapa iliyokuwa ikiruka herufi ikijisikia. Kazi yake ilikuwa kuandika vyeti vya ubatizo, kupanga zamu za maua, kupokea simu, na kuwapokea watu waliokuja kumtafuta Mchungaji siku ambazo Mchungaji hakutaka kutafutwa. "Yupo, ila hayupo," alikuwa akiwaambia, na watu walielewa wakaenda zao bila kinyongo.

Wakati huo mwanamke wa kanisa letu hakupanda mimbarani. Kuhubiri, hapana. Kusoma somo, hapana. Kufunga kwa sala, labda akina baba wote wawe na mafua. Yalibaki matangazo, ambayo hakuna mzee wa kanisa aliyeyataka, maana ni kusimama mbele ya watu wenye njaa kuwaambia mazoezi ya kwaya ni saa ngapi na mwavuli wa nani umeokotwa. Wazee wakamtupia karani, wakapangusa mikono.

Hawakujua walichompa. Kwa desturi yetu, ambayo hakuna anayekumbuka aliyeianzisha, tangazo halijibiwi pale pale. Mwenye neno angoje Jumapili ijayo, alete tangazo lake, nalo litasomwa na msomaji yule yule. Tena Mchungaji hatoi baraka mpaka matangazo yaishe, na bila baraka hapa kwetu hatoki mtu. Wazee walikuwa wamemkabidhi mama yule mlango wa kutokea, na ufunguo ukiwa ndani ya kitasa.

Jumapili moja, baada ya mazoezi ya kwaya na kabla ya mwavuli, alitangaza kuwa Alhamisi jioni, jikoni kwa kanisa, wanakaribishwa wote wanaojiuliza kwa nini akina mama huwapikia wazee chakula cha kikao lakini kikaoni hawaingii. Wazee walifura. Wiki iliyofuata mwenyekiti wao, tunayemwita Mzee Kanuni hata mbele yake, alileta jibu. Mama Matangazo alilisoma neno kwa neno, uso mkavu kama ubao: "Baraza la wazee linatangaza kwamba tangazo la Jumapili iliyopita halikuwa tangazo." Akalirudia mara ya pili, kama ifanyikavyo kwa matangazo muhimu. Shemasi mmoja ilibidi atolewe nje akacheke huko. Alhamisi jikoni hapakuwa na pa kuweka mguu.

Kikundi cha jikoni ndicho mlichokuja kukiita "Wakristo wa kisasa", kwa sauti ile ambayo mtu huitumia kutaja ugonjwa wa kuku. Hawakuwa watu wa ajabu. Walikuwapo mkunga, mwalimu wa hesabu, mjane wa dereva, na waume wawili watatu waliokuja kwanza kuwafuata wake zao wakakuta chai ni nzuri. Walitaka mke aulizwe kabla ya jambo la nyumbani kuamuliwa. Walitaka binti asomeshwe kama kaka yake. Aliyeachika asifukuzwe kwaya, kana kwamba sauti yake nayo imeachika. Na kanisa likisimama hadharani kusema "sisi", liwe limewauliza kwanza hao "sisi" wenyewe.

Hilo la mwisho alilitetea mbele ya watu siku ya mkutano wa kata kuhusu mabinti waliozaa, kama warudi shule au wakae nyumbani. Mzee Kanuni alikuwa meza kuu. Alisimama akasema, "Sisi Wakristo tunapinga." Kule nyuma, kwenye viti vya plastiki, mkono ukanyooka.

"Mwenyekiti, mimi nami ni Mkristo," alisema Mama Matangazo. "Ila sikumbuki kikao."

"Mama, keti. Haya ni mambo ya viongozi."

"Nitaketi, baba. Nilitaka tu kujua nilipinga lini, maana mwenyewe sikujiona."

Watu walivunjika mbavu. Afisa elimu, kijana mpole aliyekuwa akiandika yote, alifuta kitu akaandika kingine, kisha akakisoma kwa sauti: Wakristo wana maoni mawili. Mama Matangazo alirudi ofisini akavua viatu. "Mawili," alisema. "Umesikia, mzee? Tumefika mawili." Ukimuuliza leo mafanikio yake ni yapi, hatataja cheti wala ngao ya utumishi bora inayoshikilia mlango wa ofisi usijifunge. Atataja hayo mawili.

Nyumbani kwake kulikuwa na uwanja mwingine. Mume wake ni fundi saa, mzee wa kanisa, mtu wa sauti ndogo aliyezoea kuongea na vitu vidogo. Ndiye aliyesali mezani kila siku, sala ndefu yenye vituo vyote, mpaka mchuzi ugande. Mama aliomba zamu, kila aliye mezani asali siku yake. Fundi akatia ngumu: kichwa cha nyumba ni kimoja. Kilichomlainisha si hoja. Siku moja alikuwa na homa, mke akasali kwa maneno yanayotosha kijiko kimoja, na fundi akala chakula cha moto kwa mara ya kwanza tangu waoane. Zamu zikaanza hapo, ingawa hadi leo husema alifanya hivyo kwa sababu za kiroho.

Sasa tufike penye uzito, maana wasifu bila hilo utakuwa porojo.

Wageni hawaijui desturi yetu ya kusimamishwa mbele. Binti akipata mimba kabla ya ndoa, jina lake lilisomwa kwenye matangazo, akaitwa, akasimama chini ya mimbari mpaka ibada iishe. Baada ya hapo benchi lake lilikuwa la nyuma mpaka ajifungue na kutubu. Mwenzake aliyempa mimba hakusomwa. Ilisemekana hajulikani, na mara nyingi huyo asiyejulikana ndiye aliyekuwa akipiga gitaa.

Ikaja zamu ya kitinda mimba wa Mama Matangazo mwenyewe. Barazani wazee waliinua mikono asimamishwe, na baba yake, fundi saa, aliinua wake pamoja nao, kwa kuwa kanuni, alisema, haiangalii ni mtoto wa nani. Nyumbani hawakugombana. Mama aliandaa chakula, na siku hiyo hapakuwa na sala ya mtu yeyote.

Jumapili alisoma mazoezi ya kwaya. Akasoma zamu za maua. Akafika kwenye lile, akalisoma mpaka jina la binti yake. Kisha akasema, "Naomba jina la mwenzake, nimalizie." Akangoja.

Hakukemea, hakulia, hakunukuu andiko. Alisimama tu na karatasi yake. Tangazo lilikuwa halijaisha, kwa hiyo hapakuwa na baraka, na bila baraka hatoki mtu. Watoto walianza kulia. Jua likahama kutoka madirisha ya upande wa akina mama likaenda ya upande wa akina baba, nao wakaanza kutoa jasho na kutazamana. Mzee Kanuni alimpungia mkono mtu wa vipaza sauti azime. Kidude cha kuzimia, kwa bahati mbaya, kikawa kimekwama. Mpiga gitaa alikuwa akifunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba.

Aliyetuokoa ni mama mkwe wa Mama Matangazo, bibi ambaye hakuwahi kumpenda mkwe huyu hata siku moja. Alijiinua kwa mkongojo. "Karani," alisema, "mjukuu wangu ameshajulikana. Kama huyo mwingine hana jina, basi hilo tangazo halijakamilika. Liweke. Mchungaji, tubariki, sufuria yangu iko motoni."

Tangazo likaahirishwa mpaka likamilike. Halijakamilika hadi leo. Yaliyofuata ya aina yake yalikutana na kungoja kule kule, na baada ya muda wazee wakaacha kuyaleta.

Msishangilie mapema. Kanuni yenyewe haikufutwa. Mara tatu Mama Matangazo aliipeleka mkutano mkuu ifutwe, mara tatu ikashinda kura. Kikundi cha jikoni kilipungua. Wengine walihamia makanisa mengine, mwalimu wa hesabu alichoka kuitwa majina, mmoja alivuka upande wa pili akapewa ushemasi. Siku hizi Alhamisi wanaenea kwenye benchi moja na mifuko yao. Na binti aliyeepuka kusimamishwa hakurudi tena kanisani. Yuko mji mwingine, ana kazi nzuri, humtuma mtoto likizo kwa bibi na babu, yeye mwenyewe huishia stendi. Mkimsifu Mama Matangazo kwa ile Jumapili, atawaitikia kwa adabu. Yeye haihesabu kuwa ushindi.

Amechoka. Tuliseme bila kupaka rangi. Miguu imevimba, sauti iliyofika getini sasa inaishia kwenye maua. Mwezi huu, alipokuwa bado anakabidhi makabati, wazee waliona nafasi. Walimteua msomaji mpya wa matangazo, mtu salama, mtii wa kanuni, asiye na makeke: mume wake. Kisha wakaleta tangazo la binti mmoja wa kwaya ya vijana, lisomwe Jumapili hiyo hiyo ya majaribio. Mama Matangazo alilichapa mwenyewe, kwa kuwa ni kazi yake. Alipoulizwa kama atamwambia mumewe neno lolote nyumbani, alifunika mashine ya chapa na kitambaa chake. "Nimesema miaka yote hii," alijibu. "Akiwa hajasikia, nitamwambia nini kipya?"

Jumapili hiyo, kwa mara ya kwanza, aliketi benchini kama muumini wa kawaida, pale karibu na dirisha. Mahubiri yalikuwa marefu. Kabla hayajaisha kichwa chake kilikuwa begani kwa mkunga, mdomo wazi, anakoroma kwa staha. Hakuna aliyethubutu kumgusa.

Fundi saa alipanda, akavaa miwani. Akasoma mazoezi ya kwaya. Akasoma zamu za maua. Mwavuli, kama kawaida, ulikuwepo. Akafika kwenye lile, akasoma jina la binti, na binti akaanza kujisogeza atoke kwenye safu ya kwaya. Fundi akashusha karatasi. Akamtazama mke wake kule dirishani. Akakisogelea kipaza sauti mpaka midomo ikakigusa, na kwa sauti ya mtu asiyetaka kuamsha mtoto akasema, "Naomba jina la mwenzake."

Akangoja. Kanisa zima likangoja, na watu, naapa, walikuwa wakikohoa kwenye leso wasimwamshe. Binti alibaki nusu amesimama nusu ameketi, kisha akaketi. Fundi hakutazama saa hata mara moja, na saa alikuwa nazo mbili. Mwishowe Mzee Kanuni, ambaye naye amezeeka, ambaye naye goti linamsumbua, alipunga mkono kama anayefukuza nzi. "Haya, liahirishwe," alisema. Naye alilisema kwa kunong'ona.

Mama Matangazo aliamshwa kwa ajili ya baraka. Wakiwa wanashuka ngazi, mzee wa funguo akifunga mlango nyuma yao, alisikika akimuuliza mumewe, "Umeyamaliza yote?"

"Moja limebaki."

"Lipi?"

"Lile lisilokamilika."

Alishika reli ya ngazi, akamgeukia. "Na ulilisema kwa hicho kisauti chako?"

"Ulikuwa umelala, mke wangu. Ningepigaje kelele?"

Basi, Mama Matangazo, kwa niaba ya ofisi, kwaya, jikoni, na hata baraza la wazee ambalo limetia sahihi hapa shingo upande, asante kwa miaka yote uliyotuchelewesha kwenda kula. Kanuni bado ipo kitabuni, nasi tunajua bado ipo. Tunakutakia miguu iliyopumzika, chakula cha moto, na usingizi mrefu usio na wa kukuamsha. Zamu imepata mtu.