Mtoto Aliyesifiwa kwa Kutolia

Wapendwa, Bwana apewe sifa asubuhi hii! Wanaonijua wanajua mimi si mtu wa kupaza sauti, lakini kwa jambo hili siwezi kukaa kimya.

Mtoto wetu wa kwanza, Samweli, alizaliwa kabla ya siku zake, huku kwetu Kawangware, katikati ya baridi ya Julai. Alikuwa mdogo hata nikaogopa kumshika. Na sisi waumini tulikuwa na desturi yetu: mtoto anaogeshwa vizuri, halafu akina mama wa kanisa wanakuja kumwombea. Kila mmoja anampakata, anamfunua amtazame, anampa mwenzake. Walikuja kwa upendo, ndugu zangu, na walikuja wengi! Wimbo baada ya wimbo, na Samweli hakulia hata kidogo. "Huyu ameokoka tangu tumboni!" wakasema, tukacheka. Nilifurahi mwanangu kusifiwa.

Walipoondoka, hakutaka kunyonya. Nikamgusa paji la uso, nikaona lina joto, maana tulimlaza karibu na moto. Nikadhani amechoshwa na wageni.

Mungu wetu ni wa ajabu! Siku hiyo hiyo alipita Mama Zena, Mnubi wa Kibra, mjane wa askari, Mwislamu aliyezoea kununua mboga kwangu. Yeye hakumfunua mtoto. Aliingiza mkono ndani ya blanketi, akashika nyayo, akashika tumbo, uso wake ukabadilika.

"Mwanangu, huyu hajatulia. Amepoa. Miguu baridi, tumbo pia. Fungua nguo, mweke kifuani, mwili wake uguse wako."

Niliogopa sana, siwafichi. Tukamvika kofia ya sufu, Mama Zena akatufunga pamoja kwa shuka, blanketi la jeshi la marehemu mumewe juu. Nikamkamulia maziwa mdomoni, tone kwa tone. Kila mara nilishusha mkono kwenye nyayo zake. Bado baridi. Nilimwita Yesu mpaka nikaishiwa maneno.

Nilipochoka, mume wangu Yohana alivua shati akampokea kifuani. Majirani wakamcheka, mwanamume analea! Yohana akawaambia wachekee nje na wafunge mlango.

Jioni nyayo zikapata joto. Halafu Samweli akalia! Akalia kwa hasira, ndugu zangu, nami nikalia naye. Mama Zena akamshukuru Mungu kwa Kiarabu, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kumbembeleza.

Bwana alinijibu kwa mkono wa jirani. Mtumainini, akina mama, na mkono uingie ndani ya blanketi, usiishie kwenye paji la uso. Miguu na tumbo vikipoa, msingoje.

Nawe mama uliyekaa pale nyuma na kichanga, nimekuona. Usije huku mbele, mlangoni kuna upepo. Mwache kifuani, sisi tutakuja tukuombee hapo hapo. Wala usimfunue tumtazame. Tutamwona akikimbia.