Mwalimu Telesphory Ntabaye na Somo la Washerpa

Familia ya marehemu Mzee Elia Ntabaye inawashukuru kwa kufika Kidahwe. Mimi ni Nikodemu, mdogo wake Mwalimu Telesphory tunayemzika leo. Nimepewa kazi ya kusoma maisha yake, na nitayasoma yote, hata pale kamati iliponiomba nipunguze.

Mwalimu Telesphory alizaliwa hapa Kidahwe tarehe 9 Agosti 1960. Alisoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia 1968 hadi 1974, akaendelea na sekondari, kisha akahitimu stashahada ya ualimu mwaka 1983. Alifundisha Biolojia Ujiji na Rusimbi hadi alipostaafu mwaka 2020.

Mwaka 1997 alikaa Nepal miezi mitatu, akisaidia maabara ya watafiti waliochunguza miili ya Washerpa, watu wa milima mirefu ambako hewa ni haba. Alisimulia kwamba siku moja alikaa juu ya jiwe akihema, akapitwa na bibi wa miaka sabini mwenye mzigo wa kuni, naye bibi akamsalimia. Walipopimwa, damu nzito ilikuwa ya Mwalimu. Ya bibi ilikuwa nyepesi. Ndipo akawa anafundisha, mwaka hadi mwaka, kwamba Msherpa hategemei wingi wa damu: mishipa yake huipitisha vizuri, na misuli yake hufanya kazi kubwa kwa hewa kidogo. Sisi wa mabondeni tukipanda huko, mwili unahaha kutengeneza chembe nyekundu mpaka damu inakuwa kama uji uliozidi unga, na moyo unachoka kuisukuma. “Msinisifie damu nyingi,” alikuwa akisema darasani. “Niambieni, inatembea?” Wapo hapa wanafunzi wake wenye mvi wanaolijua somo hilo kwa moyo. Hata mimi nalijua, na hilo ndilo linaloniudhi.

Tarehe 17 Desemba 1988 alifunga ndoa na Marcelina, binti wa Ilagala. Walijaliwa watoto watatu.

Mwaka 2022 alianza kuumwa kichwa na kuwashwa mwili kila akitoka kuoga. Uso ukawa mwekundu, nasi tukamwambia kustaafu kumempenda. Hospitali ikakuta uboho wake unatengeneza damu kupita kiasi, kama mtu aishiye mlimani, naye yuko hapa ziwani. Tiba ilikuwa dawa na kutolewa damu kila baada ya wiki kadhaa, isije ikaganda kwenye mishipa. Marcelina alimpeleka bila kukosa tarehe, na Mwalimu akarudi kulima bustani yake.

Tarehe 20 Januari 2025 alipata kiharusi, akapoteza kauli. Ukoo ukakutana. Dada yetu mkubwa, Agnesi, alisema kwa Kiha, nami natafsiri: “Mtu hawezi hata kukaa, nanyi mnamwacha anyonywe damu?” Marcelina akajibu, “Wifi, yeye mwenyewe ndiye aliyenieleza kwa nini lazima itolewe. Muulizeni daktari.” Hatukuuliza. Mimi ndiye niliyeweka saini ya kumtoa hospitali.

Tulimleta hapa, tukampa juisi ya rozela, maini, na chupa za dawa ya kuongeza damu. Kila aliyekuja kumwona alibeba yake. Mwalimu alisukuma kikombe kwa mkono wa kushoto, mkono pekee uliokuwa unamtii. Tulisema ugonjwa umemletea ukaidi, tukamshika mkono, tukamnywesha. Alifariki Jumatano, tarehe 12 Februari 2025, kwa kiharusi cha pili.

Tangu juzi nasikia maneno msibani kwamba Marcelina ndiye aliyemmaliza kwa kumpeleka akatolewe damu, na kwamba arobaini ikipita arudi kwao Ilagala. Nasema mbele ya jeneza hili: maneno hayo ni uongo. Miaka miwili na zaidi aliyoishi, mke wake ndiye aliyempa. Wiki tatu za mwisho tulizishika sisi.

Marehemu ameacha mjane, Marcelina; watoto, Bariki, Catherine na Yona; wajukuu watano; dada yake Agnesi; na mimi. Mungu ampumzishe kwa amani. Sisi wa ukoo tusiende kula chakula cha msiba kabla hatujapita mbele ya Marcelina, mmoja mmoja, kumwomba radhi. Nitaanza mimi.